Tulivyochuma Kiingereza Shambani Kwangu

Kuna watu wanaojua Kiingereza, kuna wasiokijua, na kuna mimi. Mimi nilikaa karibu nacho. Usichana wangu niliumaliza kwenye mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho, nyapara akipita kati ya mistari na kupiga kelele kwa Kiingereza, sisi tukiinamisha vichwa kama vifaranga walioona mwewe. Neno lake kubwa lilikuwa "pick". Pick hapa! Pick haraka! Nilipoolewa huku Itumbe nikawa na mistari yangu mwenyewe ya chai, neno hilo nilikuja nalo kama sehemu ya mahari yangu, na nililitumia kuwatisha majirani.

Kwa hiyo jioni ile mjukuu wangu aliponiwekea daftari magotini, akaniambia mwalimu anataka mzazi amsaidie mtoto kutafuta maana mbalimbali za neno "pick", na maneno mengine yanayoweza kusimama mahali pake, nilicheka mpaka paka akatoka jikoni.

"Hilo tu?" nikamwambia. "Hilo neno ndilo lililonipa huu mgongo. Shika kalamu."

Akashika kalamu.

"Andika: pick ni kuchuma majani chai."

Akaandika. Akangoja.

"Shosh, na maana ya pili?"

"Kuchuma haraka."

"Na ya tatu?"

Nikafikiri kidogo. "Kuchuma wakati nyapara anakutazama."

Aliandika yote, mtoto wa watu. Kisha akauliza yale maneno mengine ya kusimama mahali pake. Nikamwambia hayapo. Neno likishakaa vizuri mahali pake, unaliondoa la nini?

Nieleze huyu mtoto alifikaje kwangu. Mama yake ni kitinda mimba wangu. Alipata kazi nje ya nchi, kulea watoto wa watu kwenye nyumba za watu, na mwanzoni mwa mwaka akaniletea wake nimlee. Alikuwa ameingia gredi ya nne. Alizaliwa Nairobi, akakulia Nairobi, na Kigusii alichokuja nacho hakikutosha hata kuomba maji. Akaniita Shosh. Nikamwambia Shosh ni jina la bibi za watu wengine, huku mimi ni magokoro. Akajaribu kulitamka, likamkwama kooni kama mwiba wa samaki, nikamhurumia nikakubali kuwa Shosh. Tukawa tunaongea Kiswahili, changu cha sokoni na chake cha mtaani, tukikutana katikati.

Kuongea nasema kwa heshima tu. Mtoto alikuwa hasemi. Alikuwa na maneno matatu, "sawa", "sijui" na "asante", na aliyasema kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha wagonjwa. Na mimi niliridhika kukaa naye hivyo hivyo, kwa sababu tangu mzee wangu alipozikwa nilikuwa nasonga ugali wa ukubwa wa ngumi, nakula nikitazama ukuta. Alipokuja nikarudia sufuria kubwa. Usiku alikuwa analala ameniwekea nyayo zake tumboni, baridi kama vyura, na mimi nilikuwa namlalamikia kila asubuhi huku nikiomba Mungu asiache.

Daftari lilirudi na wino mwekundu. Mtoto akanisomea akiangalia chini: mwalimu alikuwa ameandika kwamba maana niliyotoa ni moja, imerudiwa mara tatu, na kwamba kazi ifanywe upya. Tena siku ya wazazi kila mtoto atasimama mbele pamoja na mzazi wake aeleze walichopata.

Siyo kwamba ulikuwa wino mwekundu wa kwanza. Mtaala huu mpya unampa mzazi kazi kuliko mtoto. Tulikuwa tumeambiwa tutengeneze sanamu ya kutisha ndege, nikatengeneza, ndege wakailalia. Tukaambiwa tutengeneze tiara, na mimi nikadhani ni taji, kumbe ni ile ya kurushwa na upepo.

Jumapili binti yangu mkubwa akaja kunijulia hali. Huyu anakaa Kiogoro na anafanya kazi ya ofisi Kisii mjini. Ni mtoto mzuri, ila tangu aajiriwe anaingia nyumbani kwangu kama mkaguzi. Akanywa chai, akaomba daftari, akafungua, akafunga.

"Mama," akasema, "huyu mtoto anazama hapa."

"Anazama wapi? Huku ni mlimani."

"Kwangu kuna mtu wa kumsaidia. Nikitoka kazini tunakaa mezani tunasoma. Wanangu siku hizi wanaota kwa Kiingereza."

"Ndiyo maana wanakojoa kitandani."

"Mama!"

"Nasema ninachoona. Blanketi zako huwa zinaanikwa kila asubuhi."

Akavuta pumzi, akaninong'oneza ili mtoto nje asisikie, kumbe mtoto alikuwa amesimama pale pale mlangoni na kikombe mkononi. "Nimeongea na mama yake kwa simu. Tumekubaliana tungoje siku ya wazazi. Mwalimu akisema mtoto bado yuko nyuma, siku hiyo hiyo naondoka naye. Sifanyi kwa ubaya, Mama. Wewe ulifika darasa la tatu."

Nikamwambia nilifika la tatu lakini nililifika kwa kishindo. Akaniaga. Alipoondoka nilikata kuni nyingi ambazo hatukuzihitaji.

Sasa, sisi huku tuna kitu tunaita egesangio. Ni kikundi cha kusaidiana kazi: leo tunachuma chai kwangu, wiki nyingine kwako, mpaka tumzunguke kila mmoja. Ina sheria zake. Anayechumiwa ndiye mwenye amri siku hiyo. Yeye anasema tuanzie mstari upi, yeye anapika, na akipita kukagua vikapu akakuta jani lililokomaa analitupa chini na hakuna wa kumjibu, hata kama anayetupiwa ni mke wa chifu. Tena ulichosaidiwa kwako lazima ukirudishe shambani kwa mwenzako, vivyo hivyo, bila kupunguza.

Jumapili iliyofuata zamu ilikuwa yangu. Wenzangu walipokwisha kufunga aproni zao za plastiki, nikasimama juu ya jiwe.

"Leo kila mtu ana kazi mbili," nikasema. "Mikono ichume majani mawili na chipukizi kama kawaida. Mdomo unichumie 'pick'. Kila mahali ulipowahi kuisikia, sema. Mtoto atapita na daftari."

"Kwani umeajiriwa na wizara?" akauliza jirani yangu wa mpakani. Huyo na mimi mpaka wetu tumeugombania tangu tukiwa na meno yote.

"Nataka tu kumsaidia mtoto."

"Haya. Andika, mama," akamwambia mjukuu wangu, bila kuinua macho kutoka kwenye chai. "Kupiki simu. Mimi nampigia mume wangu, hapiki. Nampigia tena, hapiki. Nikimtumia ujumbe kwamba nyama imeiva, anapiki kabla haijalia."

Nikasikia sauti ngeni nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa ni mtoto, anacheka. Alikuwa ameziba mdomo na daftari.

Basi yakaanza kuja. Mwanamke mmoja akasema yeye walimpiki sokoni Keroka. Alikuwa amefunga simu kwenye leso, leso akaitia kifuani, akavaa sweta juu yake, na akafika nyumbani na sweta tu.

"Na hukusikia mwizi akikugusa?"

"Hakunigusa. Alinisalimia vizuri tu, akaniuliza habari za watoto."

Kulikuwa pia na mke mdogo wa kijana wa boma la juu. Ametoka upande wa ziwa, amesoma mpaka akamaliza sekondari, na kwa ajili yake egesangio yetu siku hizi inasengenya kwa Kiswahili, jambo ambalo limepunguza utamu kidogo. Akasema watu wa mjini hawaendi kumchukua mtoto shuleni, wanampiki.

"Kama ndizi?" akauliza jirani.

"Kama ndizi, mama."

Kisha akasema pikapu, ile gari. Pakatokea ubishi. Jirani akasema gari ni gari, haiwezi kuwa maana. Binti wa ziwa akasema inaitwa hivyo kwa sababu inapita inaokota mizigo. Nikaamua iingie, kwa sababu ilinipendeza masikioni. Vijiti vya kuchokolea meno vikaingia. Kuchokora pua kukaingia, na jirani akaona lazima atoe mfano.

"Ile aliyokuwa akifanya mzee wako kanisani wakati wa maombi."

"Mwache marehemu."

"Nimwache, lakini alikuwa anapiki."

Hata mimi nilicheka. Ni kweli alikuwa na mkono usiotulia, Mungu amrehemu. Mtoto sasa alikuwa akikimbia kati ya mistari, kaptula imelowa umande, anauliza mwenyewe: "Na wewe, Shosh wa jirani, ingine? Na wewe, auntie?" Binti wa ziwa akampa maneno ya vitabuni ya kusimama mahali pake, "pluck" na "gather" na "collect", akamtajia herufi moja moja. Halafu akasema, "Kuna nyingine, 'pick a fight'. Maana yake kumtafutia mtu ugomvi bila sababu."

Kikundi kizima kikageuka kikanitazama mimi.

"Endeleeni kuchuma," nikasema.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yakienda vizuri, na kama ningekuwa mwanamke mwenye akili ningeyaacha yaende. Lakini mwisho wa mstari alikuwa amebaki mmoja ambaye hajasema, na huyo nina habari naye.

Mwaka uliotangulia kanisa letu lilikaa kuchagua shemasi mkuu wa akina mama. Kila mtu alijua ni mimi. Yaani, mimi nilijua. Sauti ninayo, funguo za stoo nilikuwa nazo, na jikoni kwenye makambi ya kanisa hakuna anayethubutu kuonja kabla yangu. Nilikuwa nimeshashonesha gauni jeupe la kazi hiyo. Sabato ile karani akasimama, akasoma jina, na jina lilikuwa la huyu mwenzangu wa egesangio, mtu mpole, anayeongea kama anakuombea. Kanisa likasema amina. Mimi nilisema pia, ila meno yalikuwa yamefungwa. Gauni nikalikata foronya.

Basi yeye akainua kichwa kutoka kwenye chai, akasema kwa ile sauti yake ya siagi, "Mimi ninayojua ni moja tu. Pick ni kuchagua. Kama vile kanisani. Kamati inakaa, inaomba, halafu inampick mtu." Na aliposema "mtu" akajigusa kifuani, akarekebisha leso.

Labda leso ilikuwa imelegea kweli. Mimi damu ilinipanda mpaka nyweleni.

"Hilo jani limekomaa," nikasema. "Tupa."

Mikono ikaongeza kasi shambani. Ulisikia majani tu yakikatika.

"Lakini mama," akasema binti wa ziwa, taratibu, "hiyo 'choose' kwa kweli ndiyo…"

"Leo tuko shamba la nani?"

"Lako."

"Basi."

Shemasi mkuu akarudi kwenye mstari wake. Aliinama akaendelea kuchuma, vidole vyake vyepesi kama mtu anayesuka. Sheria ni sheria. Jioni nyumbani mtoto akaja na daftari, akasimama kando yangu nikichambua mboga za chinsaga.

"Shosh, ile ya kuchagua. Mimi naona ndiyo tichee anataka."

"Tichee anachuma chai?"

"Hapana."

"Basi usiandike."

"Sawa," akasema. Hilo lilikuwa lile "sawa" lake la zamani, la kuogopa kuamsha wagonjwa. Nililisikia. Nikaendelea kuchambua mboga.

Nimesema egesangio hurudishwa. Wiki iliyofuata tulikuwa kwa shemasi mkuu. Alitupikia wali na maharagwe yaliyoungwa vizuri, jambo lililoniudhi, na tulipokwisha kufunga aproni akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye pia ana mjukuu wa kiume darasa lile lile, mwenye kazi ile ile. Angeomba tumrudishie maneno kama tulivyompa mwenzake. Ningesema nini? Nikasimama katikati ya chai yake nikayataja yote, simu, mwizi, pikapu, pua ya mume wangu, bila kupunguza hata moja, mvulana wake akiandika kwa mwandiko uliolala vizuri kama mahindi yaliyopaliliwa. Yeye akaongeza lake lile. Huko halikuwa limekomaa.

Siku ya wazazi ilifika na jua kali. Madawati yalikuwa yametolewa nje chini ya turubai. Mwalimu wao ni kijana mrefu kutoka kaunti za ziwani, na kwa kuwa Kigusii chake kinaishia kwenye salamu, mkutano wote ulikuwa kwa Kiswahili. Binti yangu wa Kiogoro alikuwa amekaa mstari wa mbele, viatu vya kufunika vidole, mkoba magotini, mgongo wima kama ubao. Nilimsalimia. Akaniitikia kama mtu anayengoja matokeo ya daktari.

Wakaanza. Mvulana wa shemasi alitangulia. Akasimama mikono imebana mapajani, akasoma kuanzia juu: "Choose. Kuchagua." Akashuka mpaka chini bila kukosea, bila kupumua pia. Wakampigia makofi. Bibi yake akainamisha kichwa kwa adabu. Nilipiga makofi mawili, yakatosha.

Tukaitwa sisi. Nikasimama pembeni ya mjukuu wangu. Nikamwekea kiganja mgongoni. Akasoma la kwanza kwa sauti ya ndani kabisa. Mwalimu akamwambia, "Hatusikii. Tupe mfano. Kupiki simu ni vipi?"

Akafikiri. Halafu akaweka daftari chini, akashika kiuno kwa mkono mmoja, akapinda mdomo upande, na nikaona jirani yangu wa mpakani amesimama mbele yangu, mfupi tu.

"Mimi nampigia mume wangu, hapiki! Nampigia tena, hapiki! Nikimwambia nyama imeiva…"

Hakumaliza. Turubai lilitikisika. Jirani mwenyewe alikuwa nyuma kabisa, amejifunika uso na khanga, mabega yanaruka, na mume wake kando yake anatazama mlima. Mtoto aliposikia kicheko kile akakua hapo hapo tulipo. Akafanya mwizi wa Keroka akisalimia, sauti tamu, "Watoto wazima, mama?" huku mkono mwingine unachomoa. Akafanya pikapu, na breki zake. Pua ya babu yake aliificha, nikamshukuru. Alichanganya Kiswahili na Kigusii alichookota kwenye chai, Kiingereza kikichungulia hapa na pale. Nikamtazama binti yangu kwa pembe ya jicho. Mkoba ulikuwa umeanguka chini na hakuwa ameuona.

Mwalimu alikuwa akifuta macho. "Vizuri. Vizuri sana," akasema. "Lakini umeacha moja, na ni kubwa kuliko zote. Kwenye mtihani ukiambiwa 'pick one', utafanya nini?"

Mtoto akanitazama.

Hakuwa amesahau. Niliona kwenye macho yake neno limekaa pale, limeiva, na yeye ananiuliza mimi kama ni ruhusa. Nilikuwa naangalia leso nyeupe ya shemasi mkuu mstari wa tatu. Basi mtoto akashusha kichwa, akaokota daftari, na kwa ile sauti yake ya Januari akasema, "Sijui."

Binti yangu akakunja mikono. Mwalimu akaanza kuandika.

Nimewahi kuumwa na nyuki, nimezaa mara sita, nimeanguka kutoka juu ya mparachichi. Hakuna kilichoniuma kama lile "sijui". Mtoto alikuwa tayari kuonekana mjinga, apakiwe garini apelekwe Kiogoro, ili bibi yake asiaibike mbele ya kanisa.

"Mwalimu," nikasema, "weka kalamu chini. Anajua. Mimi ndiye niliyemkataza kuliandika."

"Ulimkataza? Kwa nini, mama?"

Hapo ndipo mtu mwenye busara angetafuta uongo mdogo wenye adabu. Mimi sikuupata. "Kwa sababu aliyelileta," nikasema, "alichaguliwa ushemasi mkuu, na mimi nikaachwa, na nilikuwa nimeshashona gauni."

Kisha nikasikia mlio kama wa sufuria inayochemka ikiinua kifuniko, na alikuwa ni shemasi mkuu mwenyewe, yule mpole, anacheka mpaka ameshika dawati.

"Wewe," akasema akipata pumzi, "kumbe mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Na ndiyo maana kule jikoni makambini unanipa ukoko?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Wazazi wakavunjika mbavu kwa kicheko. Mwalimu akapiga meza mara kadhaa, akamgeukia mjukuu wangu. "Haya, mama amekuruhusu. Ukiambiwa 'pick one'?"

"Ni choose. Kuchagua," akasema mtoto, sauti imerudi yote. "Kama kanisani. Kamati inakaa, inaomba, halafu inampick mtu." Na aliposema "mtu" akajigusa kifuani, taratibu, akarekebisha leso ambayo hakuwa nayo.

Nilidhani turubai litaanguka. Shemasi mkuu alipiga makofi kuliko wote, na hilo lilinifundisha jambo moja, kwamba kamati huenda iliomba kweli.

Mwalimu aliandika kwamba mtoto ametimiza matarajio. Kuhusu mzazi hakuandika kitu, akanipa mkono tu, akiuma mdomo.

Binti yangu alinivuta pembeni, karibu na gari lake.

"Mama, huyu mtoto ulimfanya nini?"

"Nini tena?"

"Krismasi, kabla hajaletwa kwako, alikaa kwangu wiki nzima. Tulimpa vitabu, tulimpa runinga, tulimpa keki. Alisema 'asante' basi. Nikadhani labda masikio yana shida. Nilikuwa nataka kumpeleka akapimwe." Akatazama upande wa turubai, ambako mtoto alikuwa amezungukwa na wenzake, anafanya pikapu tena kwa maombi ya wengi. "Kiingereza chake bado ni kibaya."

"Najua."

"Hata matamshi amechukua ya kwako. Anasema 'piki'."

"Ni ya nyapara, si yangu."

Akafungua buti ya gari kutafuta maji ya kunywa, na ndani nikaliona begi kubwa, jipya, limelala tupu, zipu wazi. Sote wawili tulilitazama. Alikuwa amekuja nalo kwa ajili ya nguo za mtoto.

"Atabaki," akasema, akilisukuma ndani kidogo, kama lilikuwa limefanya makosa. "Nitaongea na mama yake jioni. Ila likizo anakuja kwangu tusome, na daftari utaniletea nilione kila mwezi. Na usimkataze maneno, Mama. Hata ya watu usiowapenda."

Nilitaka kunyamaza, nipokee jambo hilo kama mwanamke mzima mwenye mvi. Nilijitahidi kabisa.

"Nilikuambia," nikasema.

Akafumba macho. "Hukuniambia kitu. Uliniambia wanangu wanakojoa."

Huku kwetu mgeni haachwi arudi na mfuko mtupu, ni aibu kwa boma zima, na begi lile lilikuwa kubwa mno kuachwa hivyo. Nikamwamuru apitie nyumbani. Mjukuu wangu alipanda kiti cha nyuma akamwelekeza mama yake mkubwa kila kona, kwa kelele, kana kwamba binti yangu hakuzaliwa huko. Tulikata mkungu wa ndizi, tukautenga vichane, tukapanga ndani ya begi, tukaweka chinsaga juu yake, na parachichi pembeni zisipondeke. Binti yangu akalalamika kwamba begi lilikuwa jipya, kwamba utomvu wa ndizi hautoki, kwamba kwake Kiogoro ndizi pia zinaota.

"Haziwi kama hizi," nikasema.

Zipu ikakataa kufunga. Mtoto akapanda juu ya begi akakaa, miguu inaning'inia, nami nikavuta.